Kilomita Tatu Kabla ya Laki Nne

Zuhura mwanangu,

Mama yako anadhani nimeshuka kupima oili. Oili nimeipima jana na juzi, na nadhani gari lenyewe limeshachoka kuchomolewa kijiti. Ukweli ni kwamba nimekaa humu ndani, kiti cha abiria, hapa chini ya jengo letu Hagsätra, karatasi nimeziweka gotini, na kutoka hapa naliona dirisha la chumba chako. Unafunga mizigo. Kila baada ya dakika mbili unapita na kitu mkononi, unakitazama, unarudi nacho. Kwa mwendo huo utamaliza kufunga mwakani.

Kesho saa mbili asubuhi unaondoka. Karibu kilomita mia saba kwenda kaskazini, kazi yako ya kwanza ya uuguzi, wagonjwa wenyewe wametawanyika misituni, mmoja huku, mwingine kule. Bila gari huwafikii. Habari za tairi za baridi, za kuchomeka waya wa kupasha injini, za nini ufanye ukikutana na paa mkubwa barabarani, zote nimeziandika kwenye karatasi iliyobandikwa jokofuni, na wewe umeshaipiga picha, basi hapa sizirudii. Hapa nataka kukuambia jambo moja nililolibeba miaka kumi na mitatu. Nataka ulijue kabla hujashika usukani wa gari hili. Ukishalijua, kulichukua au kuliacha ni juu yako, na mimi sitanuna.

Lakini baba yako unamjua. Kumwuliza saa ni kujitakia hadithi. Nivumilie kidogo.

Gari langu la kwanza hapa Stockholm lilikuwa jekundu, na nililinunua kwa sababu lilikuwa jekundu. Sababu nyingine sina. Nilikuwa nimekuja kwa mafunzo ya miezi tisa ya mitambo ya maji moto, hii inayopasha nyumba joto, nikabaki, nikapata kazi, nikamleta mama yako kutoka Tanga, nikataka na mimi nionekane nina gari. Muuzaji alikuwa ameiosha injini ikang'aa kama sahani ya Idi. Nikajiambia, huyu ni mtu msafi. Mwezi wa pili likazima katikati ya barabara, theluji inaanguka, mama yako yuko na wewe tumboni, miezi saba. Nikasukuma. Mama yako kashika usukani, na kila nikipunguza ananipigia honi ati niongeze bidii. Mpaka leo akitaka kunimaliza mbele ya wageni ananyoosha kidole hewani kama anabonyeza honi, basi, wao hawaelewi, mimi ninaelewa.

Ndipo nikajifunza. Injini inayong'aa kupita kiasi, mwenyewe ameosha mahali inapovuja. Ukienda kuangalia gari la mkononi, nenda asubuhi, na kabla hujamsalimia vizuri mwenye gari weka kiganja juu ya boneti. Likiwa na joto, ameliwasha kabla hujafika, na mtu haamshi gari mapema ila anajua namna linavyoamka. Haya yote nilijifunza kwa hasara, na nikawa mjuaji, na ujuaji ndio ulionifikisha hapa.

Hili tunalopanda lilitoka Vällingby ukiwa na miaka mitatu. Mwenyewe alikuwa bibi mmoja mjane. Tangazo lake lilisema gari limetembea kilomita laki mbili na sitini elfu, na watu walikuwa wanapiga simu wakisikia hivyo wanakata. Mimi nikaenda. Boneti lilikuwa baridi. Bibi akanikaribisha jikoni, akanimiminia kahawa, akaniuliza swali moja tu: nitaliendesha, au nitalitia kwenye meli likauzwe huko kwetu? Alikuwa amewaona wanunuzi wa namna hiyo. Nikamwambia nitaliendesha mpaka tuzeeke pamoja. Akaenda chumbani akarudi na daftari.

Daftari hilo unalijua, lile la jalada la buluu ulilokuwa unalichorachora vipepeo. Kurasa za mwanzo ni za marehemu mumewe. Kila oili aliyobadilisha, kila plagi, kila balbu, pembeni kaandika kilomita, kwa penseli, mwandiko wa mtu asiyekuwa na haraka ya kwenda popote. Ukurasa wake wa mwisho una mstari mmoja wa mwandiko mwingine, wa bibi mwenyewe, wa siku mzee alipokuwa amelazwa: nimeongeza maji ya kufutia kioo. Basi. Nilipousoma mstari ule pale jikoni sikubishana naye bei. Nikasema moyoni, gari hili limependwa, na mimi nitaliandika hivyo hivyo, kila kitu, bila kuruka.

Na kweli niliandika. Laki tatu ikapita, mkweche ukiwa unanguruma vizuri. Baba yako mdogo kule Tanga, ambaye analo gari jipya kuliko langu, akawa ananitumia ujumbe wa sauti anacheka: kaka, yaani umekwenda Ulaya kuendesha gari la babu wa mtu? Watu wetu hapa wakaanza kuniita Mzee Laki. Unakumbuka. Mtu akitaka kununua gari, Mkenya wa Husby, Mrundi, Mganda, lazima anipitie niende naye. Na mimi nikishasimama mbele ya gari la watu na kitochi changu, hotuba haiishi. Nilikuwa nasema gari haliuawi na kilomita, linauawa na neno kesho. Watu wanacheka, wanatikisa kichwa, wanalirudia kwa wenzao. Nilipenda sana kulisikia likirudiwa.

Sasa tufike kwenye lenyewe.

Ulikuwa na miaka kumi, mwezi wa tatu. Gari lilikuwa limebakiza kilomita mia na kitu lifike laki nne. Wewe ndiye uliyeitaka siku ile kuliko mtu yeyote. Ulikuwa umeichora kwenye kalenda ya ukutani, Jumapili, duara jekundu, ukaandika nne na sifuri tano. Nikakuahidi tarakimu zote zitageuka ukiwa umo ndani ya gari, unaziona kwa macho yako. Mimi sikuishia hapo. Nikaalika watu. Nikapiga hesabu gari ligeuke tukiwa tunaingia hapa hapa kwenye maegesho, watu wamesimama na chai, mama yako kakaanga visheti, Mzee Laki anashuka anapigiwa makofi.

Siku tano kabla ya Jumapili hiyo nililipeleka gari kwenye ukaguzi wa mwaka. Mkaguzi, dada mmoja mpole, akanivuta chini ya gari, akamulika na taa. Bomba dogo linalopeleka mafuta ya breki magurudumu ya nyuma lilikuwa limeliwa na chumvi ya barabarani, kutu tupu. Akanipa karatasi: litengenezwe, lirudi ndani ya mwezi mmoja. Nikaenda kwa Kasongo, yule fundi wetu wa Lubumbashi, kule gereji kwake nyuma ya Husby. Akalikwaruza lile bomba kwa ukucha, likamenyeka. Wao bomba hilo wanaliita tuyau. Akaniita kaka mkubwa kwa Kifaransa chake, "Grand frère, uiache hapa. Hii tuyau iko inakufa."

Alitaka siku kumi, spea zilikuwa hazipo. Siku kumi zingeivuka Jumapili yako, chai yangu na makofi yangu. Nikamwambia nitamletea wiki ijayo. Akanitazama, akarudia, uiache. Nikakunja karatasi ya ukaguzi nikaitia mfukoni, nikaondoka na gari.

Jumamosi nikafungua boneti nikakuta mafuta ya breki yamepungua. Nikajaza. Jumapili asubuhi yamepungua tena. Nikajaza tena. Zuhura, mimi kazi yangu ni kutafuta maji yanavujia wapi. Nalipwa kwa hilo. Nikasimama pale na chupa mkononi nikajaza tena, nikafunga boneti, nikakuita twende.

Tukaenda wawili tu, wewe nyuma, kopo la visheti mapajani, mama yako alikufungia vya njiani. Tukazungusha kilomita barabara ya kwenda Nynäshamn, tukageuza. Ulikuwa unasoma tarakimu kwa sauti mpaka koo likakukauka. Tulipokaribia nyumbani zilibaki kilomita tatu. Tatu, tisa, tisa, tisa, tisa, saba. Kiti changu kilikuwa kinakuziba. Ukasema, kwa Kiswidi chako kile, kwamba huoni vizuri.

Nikakuambia, "Fungua mkanda, mama, sogea hapa katikati uone."

Ukaniuliza kama inaruhusiwa. Hivyo ndivyo ulivyokuwa, mtoto wa kuuliza. Nikasema mara moja tu. Nikasikia mkanda unajirudisha, nikasikia pumzi yako hapa sikioni, inanukia hiliki ya visheti.

Barabara ilikuwa kavu. Tafadhali usome tena hapo. Theluji ilikuwa pembeni, imerundikwa, lakini lami ilikuwa kavu kabisa na jua linawaka. Tukaanza kushuka ule mteremko wenye taa chini, taa ikawa nyekundu, nikakanyaga breki, na mguu wangu ukashuka mpaka sakafuni. Ilishika kidogo sana. Nikavuta breki ya mkono, nikalielekeza gari kwenye rundo la theluji nisiingie kwenye magari ya watu, na ndani ya theluji hiyo kulikuwa na nguzo.

Mengine unayajua kwa mwili wako. Mtulinga ulivunjika. Nyusi ya kushoto ikashonwa nyuzi tano. Visheti vilitawanyika gari zima, na miaka mingi baadaye nilikuwa bado nakuta kimoja kimoja chini ya viti, kigumu kama kokoto.

Usichokijua, au labda unakijua, ni hiki. Pale hospitalini muuguzi alikuuliza ilikuwaje. Mimi nilikuwa nimekushika mkono, nimefungua mdomo niseme. Wewe ukanitangulia. Ukasema ulifungua mkanda. Halafu ukanigeukia ukasema, "Förlåt, pappa." Samahani, baba. Unaniomba mimi samahani, damu imekukaukia shavuni.

Na mimi nikafunga mdomo.

Muuguzi akauliza, na gari je? Nikasema barafu. Neno lilitoka jepesi, kama lilikuwa limejipanga muda mrefu. Mama yako akaja mbio, pumzi hana, nikamwambia barafu. Akakuuliza kwa uchungu kwa nini ulifungua mkanda, mara ngapi umeambiwa. Ukanitazama. Mara moja tu, sekunde moja, halafu ukatazama blanketi. Mwanangu, mtazamo ule naulalia na kuamkia nao. Sijui kama ulikuwa unangoja nikutetee ukakata tamaa, au ulikuwa umeamua kunificha, mtoto wa miaka kumi kumfichia baba yake. Sijui kama mpaka leo unakumbuka nani alisema fungua. Sikuwahi kuuliza, maana kuuliza kungekuwa kukiri.

Tuliporudi, watu niliowaalika walikuwa bado wapo. Chai imepoa kwenye chupa. Wote wakanipa pole, wakasema barafu ya nchi hii haina adabu, wakamshukuru Mungu. Nikazipokea pole zote, mkono mmoja baada ya mwingine. Kesho yake gari likavutwa mpaka kwa Kasongo. Alilitoa lile bomba lililopasuka, akaliweka juu ya meza mbele yangu, akaenda kunawa mikono. Hajawahi kulitaja mpaka leo, na kila nikienda kwake nageuza macho pembeni nisiione meza ile.

Na kwenye daftari, lile ambalo mzee wa watu hakuruka hata balbu, nikaandika: barafu, bampa, taa ya kushoto, breki. Ukifungua utauona mstari huo. Ndio uongo pekee ulio humo, na mwandiko ni wangu.

Laki nne iligeuka Jumanne moja wiki kadhaa baadaye, naenda kazini peke yangu. Nilijua inakuja. Nikavua kofia nikaifunika mita, nikaendesha hivyo. Nilipoitoa kofia tulikuwa tumeshapita kilomita sita.

Nilidhani mambo yangekwisha hapo. Wewe ulipona, unacheka, unakua. Lakini nikaanza kuona vitu. Neno lako la kwanza kwa kila jambo likawa förlåt. Mtu anakukanyaga kwenye treni, unamwomba samahani wewe. Kikombe kinavunjika jikoni ukiwa chumbani, unatoka unasema förlåt. Tukipanda gari unapita kwa kila mmoja, unavuta mkanda kuhakikisha, hata shangazi zako wazima waliotoka Dar na kanga zao, unawavuta mikanda, na sisi tunacheka, tunasema huyu atakuwa polisi. Mimi nilicheka na wengine. Ukafika miaka kumi na minane, rafiki zako wote wanakimbilia leseni, wewe hutaki. Ukafika ishirini, hutaki. Nikasema ni mambo ya vijana wa mjini, treni zipo. Nilijidanganya kwa raha zangu.

Mwezi wa tano mwaka huu nilirudi kazini mapema. Ulikuwa jikoni na yule rafiki yako wa chuoni. Nimeinama ukumbini navua viatu, kimoja kiko mkononi. Akakuuliza mbona ulichelewa hivyo kujifunza kuendesha. Ukamjibu kwa Kiswidi, kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayetaja mtaa anaoishi, kwamba ulipokuwa mdogo ulikaribia kumuua baba yako. Ulifungua mkanda ukamsogelea anapoendesha, akashtuka, gari likamshinda.

Nikavaa tena kiatu. Nikashuka ngazi, nikaja kukaa humu, kiti hiki hiki. Nililia, mwanangu. Mtu mzima, jirani anapita na mbwa wake ananipungia mkono, nami nampungia huku nalia.

Kwa hiyo ungedhani nilipanda juu jioni ile nikakwambia. Hapana. Ilikuwa Mei, sasa ni Agosti. Nikasema afanye mtihani wa mwisho kwanza. Nikasema apate leseni kwanza, ulivyokuwa unatetemeka na yule mwalimu wako wa udereva, nikaona nisikuvuruge. Nikasema ngoja apate kazi. Mzee Laki, bingwa wa kuwahubiria watu habari za neno kesho, nikaendesha kwa kesho miezi mitatu mingine juu ya ile miaka.

Jumanne nimemwambia mama yako. Alikuwa anachambua mchele. Nilimwambia yote, bomba, karatasi, chupa ya mafuta, fungua mkanda. Hakuinua uso. Akaendelea kuchambua mpaka nikadhani hakunisikia, halafu mikono ikasimama ndani ya sinia.

"Miaka kumi na mitatu namsema mtoto wangu kwa kosa lako," akasema.

Kisha akasema, "Mwambie wewe mwenyewe. Kabla hajashika usukani." Akabeba sinia akaenda chumbani akafunga mlango, na wali siku ile hatukula. Kwa hiyo ukimwona ananipa chai bila kuniangalia, ujue sababu. Na ukimwona anakukumbatia bila mpango, kama alivyofanya jana ukashangaa, sababu ni hiyo hiyo. Anataka kukuomba radhi na hajui aanzie wapi. Mpe nafasi.

Ningekwambia kwa mdomo. Nimejaribu mara mbili wiki hii. Ile mara ya pili tulikuwa wawili tunapakia tairi, nikaanza, nikasema Zuhura, ukasema förlåt, ukidhani umeliweka vibaya. Nikainamia tairi lingine. Ndiyo maana ninaandika.

Basi niliseme, kwa maandishi, na sahihi yangu itakuwa chini. Hukukaribia kumuua mtu. Baba yako hakushtuka. Gari halikumshinda dereva, dereva alikuwa ameonywa na watu wawili na macho yake mwenyewe. Mkanda ulifungua kwa sababu baba yako alikuambia ufungue, na ulimwuliza kwanza. Ulikuwa mtoto mwenye adabu ndani ya gari bovu la mtu mwenye majivuno. Mimi ndiye niliyekaribia kukuua wewe, halafu nikakuacha uniombe samahani.

Samahani, mama. Nakuita mama kwa jina la mama yangu ulilolibeba, na yeye angekuwa hai angenicharaza fimbo mbele yako, na ningelala chini nichapwe.

Sikuombi unisamehe leo, wala kesho barabarani. Ukikasirika, kasirika. Nina hamu hata ya kukuona umekasirika, maana sijakuona ukinikasirikia tangu una miaka kumi, na sasa naelewa kwa nini. Nipigie kelele. Nisiposikia förlåt kwanza, nitajua barua imefika.

Kuna jambo moja nakuomba, na si la gari. Huko unakokwenda utakosea. Utampa mtu dawa saa siyo, utasahau kuandika kitu, utachoka. Siku utakapokosea, useme siku hiyo hiyo, hata sauti ikitetemeka, hata wakikuona mjinga. Mimi najua uzito wa siku ya kwanza, na najua uzito wa siku ya pili, na nakwambia haulingani. Na mtoto wa mtu, au mgonjwa, au yeyote mnyonge, akiwahi kujitwika kosa lako mbele yako, mpokonye pale pale.

Sasa gari. Liko laki tano na themanini na nane elfu, na linaamka vizuri asubuhi. Kasongo alibadilisha mabomba yote ya breki, yote, akatia ya shaba yasiyoliwa na chumvi. Wiki iliyopita limepita ukaguzi bila doa. Lakini usiniamini mimi. Nambari ya Kasongo unayo, mpigie umuulize, mwambie baba amesema uniambie kweli. Ndani ya bahasha hii nimetia vitu vitatu. Karatasi ya ukaguzi wa wiki iliyopita. Karatasi ya ukaguzi wa mwezi ule wa tatu, ambayo niliificha ndani ya kitabu cha gari miaka yote hii, imechanika kwenye mikunjo, uisome mwenyewe alichoandika yule dada. Na ufunguo.

Daftari liko kwenye droo mbele ya kiti cha abiria. Ule mstari wa barafu sijaufuta. Nimeupiga alama, na pembeni, kwa penseli kama mzee, nimeandika kilichotokea. Ilikuwa mistari minne tu. Miaka yote hii nilidhani kurasa hazitatosha.

Kesho saa mbili nitakuwa hapa hapa nilipo, kiti cha abiria, mkanda nimefunga. Ukishuka na ufunguo mkononi, utaendesha wewe, mimi nitakusindikiza mpaka Uppsala, nishuke nipande treni nirudi kwa mama yako nikaendelee kununiwa. Ukishuka na tiketi ya treni, nitabeba masanduku yako mpaka stesheni, na gari utatafuta huko huko lingine, la mkononi, uliguse boneti kwanza. Na ukitaka nisikusindikize kabisa, mwambie mama yako, nitabaki juu, nitakutazama kutoka dirishani kama ninavyokutazama sasa. Umeketi juu ya sanduku ili lifunge. Umeshindwa. Umecheka peke yako.

Jambo la mwisho, kama utalichukua. Laki sita haiko mbali, kabla ya mwaka kwisha itafika, na itakukuta huko peke yako, kwenye barabara za misitu, unakwenda kwa mgonjwa. Utaiona inakaribia. Utatamani kuiangalia inavyogeuka, maana uliikosa ile nyingine na deni hilo ni langu.

Usiitazame, mwanangu. Tazama barabara. Ukishaegesha salama utaikuta imekungoja.

Baba yako